BARABARA SI HISANI



Pana methali ya wazee isemayo, "Mwenye nguvu mpishe." Hatuna neno nayo inapotumika kwa tembo au kwa mto uliofurika, maana tembo hana sheria na mto hausomi. Lakini twaona ya kwamba methali hii imehamia barabarani, na kutoka barabarani imeingia maofisini, na watu wengi waitumia kana kwamba ni kifungu cha sheria. Leo twapenda kuitazama kwa utulivu, bila hasira wala matusi, tupate kujua mpaka wake uko wapi.

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara huku kwetu Mwera, kusini ya mto Pangani, kabla jua halijachomoza vema, atawaona wale waitumiao. Atamwona mwalimu na madaftari yake yamefungwa kwenye keria kwa mpira. Atamwona mwuza samaki atokaye upande wa Kipumbwi, tenga lake linachuruzika maji nyuma yake. Atamwona mkulima na gunia la nazi, na mtoto wa shule aliyepenyeza mguu katikati ya fremu kwa sababu baisikeli ni ya baba yake na kiti hakifikii. Na katikati ya hao atamwona karani wa serikali, suruali yake imefungwa kamba kifundoni isiguse mnyororo, anakwenda kazini. Motokaa hupita moja moja. Basi walio wengi ni wa baisikeli na wa miguu. Lakini ukiuliza barabara ni ya nani, utajibiwa ni ya magari, na hawa wengine wanaachiwa tu wapite.

Si zamani sana mwenzetu mmoja alikuwa akienda kazini kwa baisikeli yake. Alishika upande wa kushoto kama ipasavyo. Motokaa ikaja nyuma yake, ikapiga honi mara mbili, wala haikupunguza mwendo. Ukingo wa barabara mahali pale umemeguka na mchanga ni mwingi. Gurudumu la mbele likateleza, na mwenzetu akaingia mtaroni pamoja na baisikeli yake na chakula chake cha mchana. Mkono ukavunjika karibu na kiganja.

Dereva hakuwa mtu mbaya, na hili twalisema wazi. Alisimama, akarudi nyuma, akamwinua, akampeleka zahanati kwa gari lake mwenyewe wala hakutaka malipo. Lakini njiani alimwambia hivi: "Pole sana, ndugu yangu. Ila mbona hukunipisha? Ninyi wa baisikeli tukikuacheni mpite ni hisani yetu tu." Na mwenzetu, mkono wake umelala mapajani kama kitu kisicho chake, akajibu: "Niwie radhi, bwana."

Tumelifikiri jambo hili kwa siku nyingi. Aliyeangushwa ndiye aliyeomba radhi. Aliyeangusha ndiye aliyeshukuriwa. Wala hapana katika wawili hawa aliyesema uongo kwa makusudi. Kila mmoja alisema alichokiamini. Ndiyo sababu twaona hatari iko kubwa kuliko mkono mmoja uliovunjika, maana mkono hufungwa plasta ukapona, lakini fikira ikivunjika hapana zahanati ya kuipokea.

Basi tutenganishe mambo mawili yaliyochanganywa. Dereva yule alipompeleka mwenzetu zahanati bila malipo, ile ilikuwa hisani, tena hisani njema, na alistahili kushukuriwa. Lakini kumwachia mwenzetu nafasi ya kupita barabarani haikuwa hisani hata kidogo. Ile ilikuwa haki. Mtu huyu alitoa hisani aliyokuwa nayo, akanyima haki ambayo haikuwa yake kuitoa wala kuinyima.

Hisani ina mwenyewe. Yule anayeitoa aweza kuizuia kesho, na hapana wa kumshitaki. Hisani itolewayo kwa sababu ya cheo au kujuana twaiita upendeleo. Kivuli cha mwembe nyuma ya ofisi kikitengwa kwa gari la mkubwa, huo ni upendeleo; na tazameni, siku kila mtu atakapopewa kivuli, upendeleo utakuwa umekwisha, kwa maana utamu wake ulikuwa katika kuwa wengine hawana. Haki sivyo ilivyo. Haki haina mwenyewe mmoja, na ikienea kwa wengi haipungui bali huzidi nguvu. Mimi nikipita salama barabarani, usalama wako haukupunguka hata chembe. Na mwisho, hisani hulipwa kwa shukrani, lakini haki hulipwa kwa wajibu. Neno hili la mwisho tutalirudia, maana wapenda haki wengi hulisahau.

Huenda msomaji atasema: haya ni maneno ya baisikeli tu, na sisi tuna mambo makubwa zaidi, mishahara na kupandishwa vyeo. Twamwomba akumbuke chama cha watumishi kilianzaje. Mwaka 1922, papo hapo Tanga, marehemu Martin Kayamba na makarani wenziwe walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, Wakristo kwa Waislamu pamoja. Enzi zile mshahara, nyumba na likizo vilipimwa kwa rangi ya mtu. Karani aliyetaka likizo aliandika barua ndefu ya kunyenyekea, akaimaliza kwa kujiita mtumishi mtiifu wa bwana wake, kisha akangoja kama angojaye mvua. Akipewa alishukuru, akinyimwa alinyamaza, maana alikwisha ambiwa ya kwamba likizo ni fadhili ya mkubwa.

Leo je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa kila mzunguko wa mwaka, na kwa siku hizo hulipwa mshahara wake. Mkubwa aweza kupanga ni mwezi gani, lakini hawezi kusema ya kwamba haipo. Je, ni mioyo ya wakubwa iliyolainika? Sivyo. Ni kwa sababu jambo lile liliandikwa, na watu wakalijua, na waliolijua hawakuona haya kulitaja. Haki nyingi tulizo nazo leo ziliwahi kuitwa hisani na mtu fulani aliyekuwa amekaa kitini. Kwa hiyo asidharau mtu jambo la baisikeli kwa udogo wake. Likizo nayo ilikuwa ndogo.

Tukija kwenye barabara yenyewe, hatuhitaji kubuni kitu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, baada ya kuingizwa sura ya haki za binadamu mwaka 1984, yasema katika ibara ya 13 ya kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Katika ibara ya 14 ya kwamba kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake. Na katika ibara ya 17 ya kwamba raia anayo haki ya kwenda apendako katika nchi yake. Tumezisoma ibara hizo tena na tena, wala hatukuona palipoandikwa ya kwamba ni za mwenye magurudumu manne. Tena Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, yakataza kuendesha gari kwa uzembe au kwa hatari, wala haikusema ya kwamba uzembe haudhuru iwapo aliyeko mbele ni mtu wa baisikeli.

Pana hoja moja ambayo huletwa na watu wenye akili, nasi hatutaki kuiruka. Husema hivi: "Mwenye gari hulipa tozo ya barabara kila anunuapo mafuta. Wa baisikeli halipi kitu. Basi mlipaji ndiye mwenye barabara." Hoja hii yapendeza masikioni, lakini ifuateni hadi mwisho wake. Ikiwa barabara ni ya mlipaji, basi lori linywalo mafuta mengi lina haki kuliko motokaa ndogo, na motokaa ndogo nayo yapaswa kuingia mtaroni lori lipitapo. Hapana mwenye motokaa tuliyemsikia akikubali hayo. Tena mwuza samaki yule hulipa kodi anunuapo sabuni na vocha ya simu, na apandapo basi kwenda Tanga sehemu ya mafuta imo katika nauli yake. Na hata kama asingelipa senti, kodi ni wajibu wa kila mtu kwa kadiri ya sheria. Si bei ya kununulia uhai. Hapana hospitali iulizayo mgonjwa alilipa kodi kiasi gani kabla ya kumfunga jeraha, na ikiwapo, twaiita hospitali mbaya.

Wala jambo hili si la pwani yetu peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilisema ya kwamba watu kama 1,190,000 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao ni wenda kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Yaani wanaokufa zaidi ni wale ambao hawana bati la kuwakinga. Methali yetu ya "mwenye nguvu mpishe" imehesabiwa, na hii ndiyo hesabu yake.

Watu wengi hudhani ya kwamba Uholanzi, nchi isifiwayo kwa baisikeli, ilizaliwa na njia za baisikeli kama sisi tulivyozaliwa na minazi. Si kweli. Baada ya vita kuu ya pili magari yalizidi kule, na njia nyingi za baisikeli zikaondolewa kuyapa magari nafasi. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile, na katika hao zaidi ya 400 walikuwa watoto. Ndipo wazazi na waendesha baisikeli walipoingia mitaani, wakafunga barabara, wakauliza serikali yao ni watoto wangapi wengine watakaotolewa ili magari yaende mbio. Njia za baisikeli zinazosifiwa leo zilitoka katika swali lile. Hazikutoka katika hisani.

Hapa nchini nako mambo yameanza. Katika Dar es Salaam, barabara ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na wa baisikeli. Tulifurahi. Lakini aliyepita huko atakuwa ameona pikipiki zikikatiza humo, na bidhaa zimetandazwa humo. Njia ikichorwa bila watu kuamini ya kwamba ni haki, rangi hubaki na njia hupotea. Twalisema hili kwa sababu mradi wa kujenga kwa lami barabara ya Tanga, Pangani hata Bagamoyo, ya kilomita zaidi ya 200, umefika katika pwani yetu pamoja na daraja la mto Pangani. Ni neema kubwa, wala hatuikatai. Lakini lami huongeza mwendo, na mwendo ukiongezeka, ukingo uliomeguka na mtu wa baisikeli huwa ni msiba uliopangiwa tarehe.

Kwa miaka mingi watu wa upande wetu wamevuka mto kwa pantoni, kati ya Bweni na Pangani mjini. Aliyewahi kupanda pantoni amejifunza jambo. Juu ya maji lori, motokaa, baisikeli na mama aliyebeba kuku wote hukaa juu ya bati moja, na likizama watazama pamoja. Kwa hiyo hakuna asukumaye mwenziwe. Ajabu ni kwamba watu wale wale, wakishuka ng'ambo na kukanyaga nchi kavu, husahau mara moja.

Hata hapa msomaji aweza kudhani ya kwamba twamlaumu dereva tu. La. Sasa twafika mahali penye uchungu, na uchungu huu ni wetu.

Mwenzetu yule aliyevunjika mkono alirudi kazini baada ya majuma machache, plasta ingali shingoni. Siku ya pili yake alikuja bibi mmoja mzee, ametoka mbali, anataka hati ya kifo cha mumewe. Karatasi zake zilikuwa zimetimia, na ada alikuwa nayo, amefunga katika pindo la kanga. Mwenzetu alikuwa amechoka, na mkono unamwuma. Akamwambia: "Njoo kesho, bibi. Nikipata nafasi nitakusaidia." Bibi akainama, akasema: "Ahsante, mwanangu. Niwie radhi kwa kukusumbua." Akaondoka.

Mwenzetu alitusimulia haya mwenyewe. Alisema ya kwamba maneno yale ya bibi, "niwie radhi," yalimpiga kama honi. Alikwisha yasikia mahali, na aliyeyasema alikuwa yeye. Akatoka mbio, akamkuta bibi kivulini akingoja usafiri, akamrudisha, akamwandikia hati yake kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa katika plasta. Twaambiwa mwandiko ulikuwa mbaya sana, lakini hati ilikuwa halali.

Ndugu zetu, dirisha la ofisi ni barabara, na mhuri ni motokaa yetu. Ni mara ngapi tumepiga honi kwa mhuri? Ni mara ngapi tumesema "nitakusaidia" mahali ambapo ilitupasa kusema "ni haki yako"? Neno "kusaidia" ni zuri, lakini karani alitumiapo kwa jambo analolipwa mshahara kulitenda, amegeuza haki ya mtu kuwa hisani yake mwenyewe, na hisani ikishafika dirishani, chai ya karani nayo haiko mbali. Hatuwezi kudai barabara asubuhi na kuifunga mchana. Mnyonge mnyongeni, na haki yake mpeni. Na mnyonge wa barabarani akifika ofisini huwa ndiye mwenye nguvu. Hapo ndipo tutakapojulikana kama twapenda haki, au twapenda haki yetu tu.

Tulisema ya kwamba haki hulipwa kwa wajibu. Basi waendesha baisikeli nasi tujitazame. Kuendesha usiku bila taa si haki. Kwenda watatu sambamba mkizungumza habari za mpira si haki. Breki ya kuburuza kandambili chini si breki. Anayedai sheria imlinde naye akubali sheria imwulize. Tena tusiite haki kila tunachokitamani. Mkopo wa ofisi wa kununulia baisikeli ni msaada mwema, tuuombe kwa adabu na tushukuru tukiupata; lakini kufika kazini na mikono miwili mizima si mkopo.

Kwa hiyo twatoa shauri letu mbele ya wanachama, lijadiliwe katika mkutano ujao:

Kwanza, chama kiandike kwa wahusika wa barabara, kwa heshima lakini pasipo kupiga magoti, kikiuliza ni nafasi gani iliyowekwa kwa wa miguu na wa baisikeli katika barabara ipitayo kwetu, hasa karibu na shule na zahanati, na kingo zilizomeguka zitajazwa lini.

Pili, katika barua hiyo neno "tunaomba mtufadhili" lisiwemo. Liandikwe "twakumbusha."

Tatu, kila mwanachama mwenye baisikeli awe na taa, kengele na breki kabla ya mkutano huo, tusije tukaulizwa swali tusiloweza kulijibu.

Nne, katika kila dirisha letu ibandikwe karatasi yenye kueleza mwananchi anahitaji karatasi gani, ada ni kiasi gani, na atangoja siku ngapi, ili ajue haki yake kabla hajauona uso wa karani.

Hili la nne halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu wa mbali. Laweza kuanza Jumatatu. Ndilo litakaloonyesha kama yale matatu ya kwanza tuliyasema kwa moyo.

Mwenzetu amekwisha kutolewa plasta, na baisikeli yake imenyoshwa gurudumu. Asubuhi hupita njia ile ile, upande wa kushoto, karibu na ule mtaro. Honi ikipigwa nyuma yake huinua mkono kumsalimu dereva, kama watu wapitao njia moja wasalimiavyo. Lakini haombi radhi tena.